Vijana wa Nakivale na Mbarara wafundishwe kuzima moto na kuuchunguza

MFANYABIASHARA akishavusha mzigo wake Mutukula, Murongo au Katuna, hushusha pumzi akidhani hatari imekwisha. Kumbe hasara nyingine inaweza kumsubiri sokoni. Wenzetu wa Owino, Kampala, waliunguliwa mwaka 2009 na tena mwaka 2011. Moto wa Gikomba, Nairobi, wa Juni 2018 uliua watu 15. Soko la Kariakoo, Dar es Salaam, liliungua Julai 2021. Walioponea chupuchupu walibaki na deni na swali moja: moto ulianzia wapi, na nini kiliuwasha?

Swali hilo linaihusu pia Nakivale, wilayani Isingiro. Makazi hayo ya wakimbizi, yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950, leo ni kituo kikubwa cha biashara. Humo kuna vitenge kutoka Kongo, maduka ya simu na nguo ya Wasomali, na wanunuzi wa mahindi na maharage wanaotoka Mbarara. Vibanda vingi ni vya mbao na maturubai, vimebanana, na jiko la mkaa huwaka hatua chache tu kutoka kwenye dumu la petroli. Gari la zimamoto likiitwa kutoka Mbarara lina zaidi ya kilomita 50 za kwenda. Kibanda cha mbao hakisubiri saa nzima.

Kwa hiyo anayeweza kuokoa mali ni kijana aliyepo pale pale, akiwa amefundishwa. Tatizo ni kwamba mlango wa kazi hii ni mwembamba. Nchini Uganda zimamoto iko chini ya Jeshi la Polisi. Anayetaka kuwa mzimamoto huajiriwa kwanza kama askari, hupitia mafunzo ya polisi, ndipo apangiwe Kurugenzi ya Kuzuia Moto na Uokoaji. Sharti la kwanza ni uraia. Kijana wa Kikongo au wa Kirundi aliyezaliwa Nakivale, hata awe hodari namna gani, hapiti hapo, ingawa Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu kufanya kazi.

Hatudai polisi wabadili masharti yao. Tunadai mlango wa pili: kozi fupi ya mwanzo, itolewe Mbarara na Nakivale, wakufunzi wakiwa wazimamoto wa polisi wenyewe, na wanafunzi wakiwa wakimbizi na wenyeji pamoja. Nchini Uganda mafundi waliojifunza kazi kwa mikono tayari hupimwa na kupewa vyeti. Mzimamoto wa ngazi ya mwanzo naye apimwe hivyo hivyo. Maghala, vituo vya mafuta na kamati za masoko zitapata wa kumwajiri.

Kozi hiyo iwe na sehemu mbili. Ya kwanza ni kuzima na kuokoa: kukata umeme kabla ya kumwaga maji, kutomwagia maji petroli inayowaka, kuchagua kizimamoto kinachofaa, kutoa watu kwenye moshi, na kulinda njia kati ya vibanda zisizibwe na mizigo.

Ya pili, ambayo husahaulika, ni uchunguzi. Baada ya kila moto husikika maneno yale yale: hitilafu ya umeme. Inawezekana ni kweli, lakini waya ulioyeyuka peke yake si ushahidi, kwa sababu moto wenyewe huweza kuuyeyusha. Ripoti rasmi itabaki kazi ya polisi. Kijana wa mwanzo afundishwe kuzuia watu wasifagie majivu, kupiga picha, kusoma alama za moshi ukutani na kuandika maelezo ya walioona moto ukianza. Bila hayo mpelelezi hufika na kukuta uwanja mtupu, na mwenye duka hukosa cha kupeleka kwa kampuni ya bima.

Cheti hicho kivuke mpaka. Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika mwaka 2010 inataka nchi zetu zitambuliane sifa za kitaaluma. Wahasibu, wasanifu majengo na wahandisi walishatiliana saini. Wazimamoto nao waingie katika mpango huo. Wakimbizi wengi wa Nakivale wametoka Kongo, Burundi, Rwanda na Somalia, zote wanachama wa Jumuiya. Siku wakirejea kwao, warejee na ujuzi utakaolinda masoko ya Bukavu na Bujumbura.

Tunaiomba Ofisi ya Waziri Mkuu inayosimamia wakimbizi, polisi na Jiji la Mbarara wakae meza moja juu ya jambo hili. Nanyi wafanyabiashara msingoje. Kila kamati ya soko itaje vijana wawili wa kufundishwa, inunue vizimamoto, na iulize kituo cha zimamoto kilicho karibu siku ya kuanza mafunzo.