Hesabu Iliyokataliwa Angani

Wapo wanaozitetea sinema za sayansi zilizotengenezwa Marekani katika miaka ya 1950. Wasema tusizilaumu kwa kuwasahau wanawake na watu weusi, kwani sayansi ya siku zile ndivyo ilivyokuwa. Hoja hiyo naipinga.

Tuchukue Rocketship X-M, iliyotoka mwaka 1950. Watu watano, wote weupe, wanarushwa kwenda mwezini. Mmoja wao ni mwanamke, Dakta Lisa Van Horn, mtaalamu wa kemia. Wakiwa safarini injini zinazimika, ikawabidi wakokotoe upya mchanganyiko wa mafuta. Yeye na mkuu wa safari wanapata majibu mawili tofauti. Mwalimu yeyote wa hisabati angewaamuru warudie kazi hatua kwa hatua mpaka kosa lionekane. Lakini mkuu anashikilia jibu lake, bibi anakubali, injini zinawashwa, na chombo kinapotea njia hata kufika Mirihi! (Katika Destination Moon, ya mwaka uleule, hapakuwa na ubishi wa namna hiyo: wasafiri ni wanaume wanne, weupe.)

Sasa tuutazame ulimwengu halisi. Huko Langley, katika jimbo la Virginia, hesabu za urukaji wa ndege zilikuwa zikifanywa kwa mkono na wanawake, nao waliitwa kompyuta kabla mashine haijalitwaa jina hilo. Miongoni mwao walikuwamo wanawake weusi, waliotengewa ofisi yao na hata meza yao ya kulia chakula. Mwaka 1949 Dorothy Vaughan akawa msimamizi wao; mwaka 1953 akaingia Katherine Johnson. Na mwaka 1962, kabla ya kurushwa kuizunguka dunia, mwanaanga John Glenn alitaka Bibi Johnson azihakiki kwa mkono hesabu zilizotolewa na mashine. Zililingana. Glenn akazunguka mara tatu, akarejea salama.

Basi watunzi wale hawakuiga sayansi ya wakati wao; waliiga ubaguzi wa wakati wao. Mpaka mwaka 1956 kanuni za Hollywood zilikataza kuonyesha mapenzi baina ya mweusi na mweupe. Hata mwaka 1959, katika The World, the Flesh and the Devil, Harry Belafonte na mwanamke mweupe wanajikuta karibu peke yao katika New York iliyohamwa, na bado rangi inasimama kati yao. Angalau sinema hiyo ilithubutu kulitaja jambo lenyewe.

Sisemi sinema hizi zifichwe. Mwalimu atakayeionyesha Rocketship X-M aisimamishe pale penye majibu mawili, awaulize wanafunzi ni lipi lihakikiwe kwanza na kwa njia gani. Kisha awasimulie habari za Langley, ndipo aiachie iendelee hadi Mirihi.