Ukirudi Kijijini Desemba Hii

Ndugu yangu uishiye mjini, najua kundi lenu la WhatsApp la wazaliwa wa kijiji limeshaanza kuulizana: mwaka huu tupeleke nini nyumbani? Madawati, saruji, kisima? Moyo huo ni mwema, usipoe. Ninachoomba ni kwamba swali hilo mwende nalo kwanza kwa wanaoishi huko, na mliulize hivi: ninyi wenyewe mmeanza nini, na kimekwama wapi?

Nimewahi kuchangia kisima. Fundi alitoka mjini, pampu ya mkono ikafungwa, tukapiga picha. Nilipopita tena baada ya miaka miwili, mpini ulikuwa umefungwa kwa kamba ya katani, na kuku wamejilaza kwenye kivuli cha pampu. Kina mama walikuwa wakipita kando yake na ndoo kichwani, wanakwenda kufukua mchanga wa mtoni kama zamani. Kilichoharibika ni vipira vya ndani, vitu vya bei ndogo. Hapakuwa na aliyefundishwa kuvibadilisha, wala mfuko wa kuvinunua. Mama mmoja alinisalimia vizuri, kisha akaniuliza kwa upole: "Mafundi wenu wanakuja lini kuitengeneza pampu yenu?"

Tangu siku hiyo nawaza sana habari za Shinyanga. Huko miti ilifyekwa kwa miongo mingi, ili kufukuza mbung'o na kupata mashamba ya pamba; kisha uhamisho wa vijiji wa miaka ya 1970 ukawatenga watu wengi na malisho waliyokuwa wakiyatunza. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni nguvu nyingi ziliwekwa kwenye vitalu vya miche. Mambo yalishika kasi pale wataalamu walipoipa nafasi ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga kipande cha malisho wakati wa masika na kukifungua kiangazi kinapokaza, ili ndama, ng'ombe dhaifu na maksai wapate chakula. Kisiki cha mgunga chenye mizizi hai hakihitaji kitalu. Kikiepushwa na kwato na shoka, kinachipua chenyewe. Sheria za kulinda zilikuwapo tayari: dagashida, mkutano wa jadi, uliamua, na sungusungu, walinzi wa jadi, wakasimamia. Mradi ulipomalizika mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishiwa uoto. Ngitili nazo zina ugomvi wake, maana mwenye mifugo mingi hufaidi zaidi. Lakini ugomvi huo una baraza la kuuamua, papo hapo kijijini.

Hesabu miaka hiyo: 18. Michango yetu mingi haivuki Krismasi.

Basi Desemba hii, ukishamaliza kusalimia wazee, muulize mwenyekiti mkutano mkuu wa kijiji ni lini. Kisheria unapaswa kufanyika walau kila miezi mitatu, na kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe. Wewe uishiye mjini si mjumbe, kwa hiyo omba kukaribishwa, ukae nyuma, usikilize mapato na matumizi yakisomwa. Ukisikia kamati ya maji haina hela ya vipuri, au kina mama wa kikoba wanataka kununua mashine ya kukamua alizeti na wameshafika nusu, hapo umepata pa kuweka mkono. Wao watangulie, ninyi mjazie. Fundi awe kijana wa pale pale, mumlipie mafunzo. Funguo na daftari vikae kwao.

Tena mkubaliane tangu sasa kwamba fedha mtakayochanga mtaigawa mafungu matatu: moja la mwaka huu, na mawili ya miaka miwili ijayo, picha zikishasahaulika na vipira vimeanza kulika.