Hita za matangi ya matumbawe: kinachoharibu ni kutozima

Hita ya tangi la samaki wa baharini ni mzigo mdogo ndani ya kontena la vifaa vya umeme. Lakini ikiharibika kwa mteja, hasara huwa kubwa mara nyingi kuliko bei yake, na lawama humrudia aliyeiuza. Kwa sababu hiyo muagizaji anahitaji kujua inavyoharibika kabla ya kuuliza bei ya jumla.

Kwanza, soko lenyewe haliko pwani. Mombasa na Dar es Salaam mwenye tangi anapambana na joto la kupita kiasi, hivyo anatafuta feni au mashine ya kupoza maji. Mnunuzi wa hita yuko Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako usiku wa Julai hali ya hewa huweza kushuka hadi nyuzi 10 hivi. Kigali na Kampala nako wapo, ingawa baridi yake ni nafuu. Msafirishaji anayeshikilia samaki hai jijini Nairobi wakisubiri ndege naye yumo katika kundi hilo.

Matumbawe huhitaji maji ya nyuzi 24 hadi 27, na hayavumilii kuzidishiwa. Mwaka 1998, maji ya Bahari ya Hindi yalipopanda nyuzi chache tu juu ya kawaida, matumbawe ya pwani ya Kenya na Tanzania yalipauka na mengi yakafa. Ndani ya tangi mambo ni yale yale, ila huenda kasi zaidi.

Wauzaji wengi husifu hita kwa nguvu zake. Hapo ndipo wanapokosea. Hita ikikataa kuwaka, maji hupoa polepole na mwenye tangi ana muda wa kugundua. Hatari ni pale themostati inapokwama ikiwa imewasha. Ndani yake mna ncha mbili za metali zinazogusana na kuachana mara nyingi kila siku. Kila zinapoachana hutoa cheche, na baada ya muda huweza kushikana kabisa. Chukua tangi la lita 200 lenye hita moja ya wati 300. Ikikwama, inaweza kupandisha maji zaidi ya nyuzi 1 kwa saa. Ikianza saa nne usiku, kufikia alfajiri maji yanaweza kuwa yamepita nyuzi 30 wakati wenye nyumba wamelala.

Tangi hilo hilo likiwekewa hita mbili za wati 100, hesabu inabadilika. Moja ikikwama, wati 100 hazifikishi hata nusu nyuzi kwa saa, na katika nyumba yenye baridi sehemu kubwa ya joto hilo hupotea. Moja ikifa, nyingine huzuia maji yasipoe haraka. Mfanyabiashara makini basi huuza hita ndogo kwa jozi.

Nyongeza yenye faida kuliko zote ni kidhibiti joto cha nje, chenye kipima joto chake ndani ya maji. Hita yenyewe huwekwa kwenye nyuzi 27, kidhibiti kwenye 25 au 26, hivyo kimoja kikishindwa kuzima, kingine bado kipo. Mteja aelezwe afunge kipima joto vizuri: kikichomoka na kuning'inia hewani, kitasoma baridi na kuendelea kuwasha.

Kuhusu malighafi, hita za kioo ni rahisi, lakini huweza kupasuka zikiachwa zinawaka wakati wa kubadilisha maji. Titaniamu haipasuki wala hailiwi na chumvi, ingawa nyingi huja bila themostati, kwa hiyo haziuzwi bila kidhibiti. Jina la kampuni pekee si kinga: mwaka 2011 nchini Marekani hita zipatazo milioni 1.2 za Marineland aina ya Stealth zilirudishwa kwa sababu ya hatari ya moto na kupasuka.

Mpakani kuna mtego mwingine. Hita za soko la Marekani ni za volti 120. Ikichomekwa kwenye umeme wa volti 230 au 240 wa Afrika Mashariki, hita hiyo huvuta karibu mara nne ya nguvu iliyokusudiwa na kuungua, na plagi ya kubadilisha umbo haibadilishi volti. Plagi zenyewe hutofautiana: Kenya, Uganda na Tanzania hutumia pini tatu bapa, Rwanda na Burundi za duara.

Muagizaji adai kwa muuzaji wa nje cheti cha kiwango cha IEC 60335-2-55, ambacho kinahusu vifaa vya umeme vya matangi ya samaki, na akione kabla ya kulipa, maana Kenya na Tanzania hukagua ubora wa bidhaa nyingi huko huko zinakotoka. Kwenye forodha, hita za kutumbukizwa majini huingia chini ya 8516.10. Kidhibiti kikisafiri peke yake huwa na namba nyingine, hivyo wakala aulizwe mapema iwapo jozi na kidhibiti vitatamkwa pamoja au mbalimbali.