Kisu cha Mtoto Safarini Milimani



Wazee wetu walisema, "Mtoto akililia wembe, mpe." Walisema pia, "Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama." Methali ya kwanza husemwa kwa hasira, ili mkaidi akatwe na ajute. Ya pili husemwa kwa kumsifu aliyejiandaa. Baina ya hizo mbili ipo njia ya katikati, nayo ndiyo tutakayoizungumza mwezi huu: kumpa mtoto kisu huku ukimfundisha, mpaka mkono wake uwe na adabu.

Jambo hili huzuka katika nyumba nyingi likizo ya shule ikaribiapo. Jamaa wamenuia kwenda kupumzika na kutembea milimani. Mizigo imefungwa, na kijana wa miaka 12 ana kisu chake cha kukunja alichopewa na mjomba wake, akipendacho kuliko vyote alivyo navyo. Mama asema kisu kibaki nyumbani, kwa kuwa huko juu hospitali haiko karibu. Baba asema mwanamume haendi porini mikono mitupu. Kila mmoja ana hoja yake, lakini wote wawili wamesahau kumtazama dada yake kijana huyo. Yeye tangu miaka tisa humenya muhogo, hukata vitunguu na kupara samaki, na hapana aliyeitisha baraza juu ya kisu chake. Ameshika makali kila siku kwa ajili ya chakula cha watu wengine, na kwa hiyo mkono wake umetulia. Kaka yake amekishika kisu kwa kujionyesha tu kwa wenziwe. Basi dawa ya hofu ya mama ni kumtia kijana katika kazi ile ile aliyotiwa dada yake, na safari ni wakati mzuri wa kuianza.

Tutwae mfano wa milima ya Usambara. Gari huiacha barabara kuu pale Mombo, penye joto, likapanda kwa mizunguko mwendo wa kilomita 33 hivi mpaka Lushoto, mji ulio kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo watu huenda kwa miguu hadi Irente, ukingoni mwa mlima, ambapo nyika huonekana chini kama mkeka uliotandikwa. Wenye nguvu hushika njia ya Magamba, penye msitu wa hifadhi na mbega weusi kwa weupe, na vilele vipitavyo mita 2,200. Mwezi wa Juni na Julai huwa baridi na ukungu, na udongo ukilowa huteleza.

Milima hii yenyewe ina kisa kifaacho kusimuliwa watoto njiani. Katika Habari za Wakilindi, Abdallah bin Hemedi 'l-Ajjemy ameandika habari za Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu. Watu wa Usambara walimpenda kwa kuwa aliwaua nguruwe-mwitu waliokuwa wakiharibu mashamba, na nyama za windo lake aliwagawia wenyeji. Mwisho wakamfanya mtawala wao. Chuma chake kilikuwa kikali, lakini kilichompatia heshima ni kwamba makali yale yaliwafaa majirani.

Hata kisu kidogo kilicho mfukoni mwa kijana kina asili ya milimani. Karl Elsener alifungua karakana yake Ibach, katika jimbo la Schwyz huko Uswisi, mwaka 1884. Mwaka 1891 akaanza kuwapelekea askari wa nchi yake visu vya kukunja, vyenye kifaa cha kufungulia makopo ya chakula na bisbisi ya kufungulia bunduki. Mwaka 1897 akasajili kisu chepesi zaidi, ambacho ndicho kilichoenea duniani. Mama yake, Victoria, alipofariki mwaka 1909, aliitia kazi yake jina la mama huyo, na ndiyo asili ya jina Victorinox. Mwambie kijana habari hiyo: kisu anachojivunia kilipewa jina la mama, basi asimwogofye mama yake nacho.

Sasa twende kwenye adabu zenyewe. Kwanza, kisu hakielekezwi kwa mtu, hata kwa mzaha. Mtume (S.A.W.) amekemea vikali kumwelekezea mtu chuma, hata awe ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, kwani mwenye kukishika hajui pengine shetani atauvuta mkono wake. Amekataza pia upanga kupokezanwa ukiwa nje ya ala, na mwenye kupita msikitini au sokoni na mishale ameamrishwa azishike ncha zake asije akamdhuru mtu. Basi kisu cha kukunja hupokezanwa kikiwa kimekunjwa, na kisichokunjika huwekwa chini, mwenzio akakiokota mwenyewe.

Pili, hapana kutembea na kisu kilicho wazi. Katika njia itelezayo mtu huanguka ghafula, na mkono huenda mbele kabla ya akili. Mwenye kukata na aketi, aelekeze makali mbali na mwili wake, na asikatie juu ya paja, kwa kuwa hapo ndipo upitapo mshipa mkubwa wa damu. Watu wote wawe mbali naye kadiri ya mkono ulionyooshwa.

Tatu, kisu kiwe kikali. Akina mama wengi hudhani kisu butu ni salama kwa mtoto, na sivyo. Kisu butu hutaka nguvu, na nguvu ikizidi kisu huponyoka. Mfundisheni kijana kukinoa kwa kinoo kilicholoweshwa maji, polepole, akiulaza ubapa kwa pembe moja tangu mwanzo hata mwisho. Na ikiwa jamaa watachinja kuku huko, hapo pana somo jingine: sheria yetu yaamrisha makali yanolewe ili mnyama apumzishwe, wala yasinolewe mbele ya macho yake. Mtoto aonaye huruma hiyo ikitendwa kwa kisu hatakichezea tena ovyo.

Nne, mti wa hifadhi si ubao wa kuandikia. Vijana wengi hupenda kuchonga majina yao juu ya magome. Chini ya gome ndipo chakula cha mti kipitapo, na gome likikatwa kuuzunguka mti wote, mti hufa. Hata jeraha dogo ni mlango wa kuvu na wadudu. Atakaye kuchonga na atafute ufito uliokwisha kukauka huko kijijini, kwa idhini ya mwenyewe, amchongee bibi yake mwiko.

Pamoja na adabu zote hizo, ajali yaweza kutokea. Katika mzigo wa mama na kiwemo kitambaa safi na bendeji. Mtu akikatwa, jeraha hukandamizwa kwa kitambaa hicho kwa dakika 10 bila ya kufunua kuchungulia, na mkono huinuliwa juu. Majivu, unga wa kahawa na udongo visitiwe kabisa. Damu ikikoma, jeraha huoshwa kwa maji safi na kufungwa. Damu isipokoma, au jeraha likiwa la kina, au vidole vikifa ganzi, safari hukatizwa na mgonjwa hupelekwa hospitali. Waulizeni waganga pia habari za sindano ya pepopunda. Na wasafirio kwa ndege wakumbuke kwamba kisu hutiwa katika mzigo mkubwa, si katika mkoba wa mkononi, ama kitanyang'anywa uwanjani.

Ushauri wetu kwa baba na mama ni huu. Kisu kiende safari, lakini siku ya kwanza kikae kwa baba. Wakati wa chakula kijana akiombe, akate mkate na machungwa ya watu wote, na dada yake akae kando yake amwelekeze, kwa kuwa yeye ndiye mjuzi. Awape wazee kwanza, kisha wadogo, naye ale mwisho. Akimaliza, akioshe, akikaushe, akirudishe. Akifanya hivyo siku tatu bila ya kukumbushwa, siku ya nne kikae mfukoni mwake, na mama avihesabu vidole vyake jioni akipenda. Akikichezea, kirudi kwa baba bila ya matusi wala kipigo, na kesho yake aanze upya. Siku moja kijana huyo atakabidhiwa ufunguo wa duka, gari la watu, au mali ya yatima. Vyote hivyo vina makali, na mkono uliozoea kukata kwa ajili ya wengine utajua namna ya kuvishika.

Wabillahi ttawfiq.