SHILINGI ISHIRINI ZETU ZISIGUSWE

Ndugu Wafanyakazi,

Mshahara wetu siku hizi hauji mkononi katika bahasha, wapitia benki. Basi habari za benki si habari za matajiri peke yao. Ni habari za unga, karo na kodi ya nyumba.

Sheria ya Kenya yataka hivi: kwa kila shilingi 100 tulizoweka, benki iwe na shilingi 20 kwa fedha taslimu, au kwa mali iwezayo kugeuzwa fedha upesi, kama hati za deni la Serikali. Mabwana wa benki hukiita kipimo hiki ukwasi. Kusudi lake ni moja: siku watu wajapo kwa wingi kudai chao, wapewe, na hofu ikome.

Wako wanung'unikao kwamba sheria hii inalaza fedha ambazo zingekopeshwa na kuleta kazi. Twawajibu: hati za Serikali huleta riba. Ni fedha gani hiyo iliyolala huku ikizaa? Na benki ikifungwa, ni kazi ngapi zipoteazo?

Hatusemi kwa kubahatisha. Katika miezi minane mabenki matatu yaliwekwa chini ya msimamizi: Dubai Bank Agosti 2015, Imperial Bank Oktoba 2015, na Chase Bank Aprili 2016. Chase Bank ilitoa hesabu mbili za mwaka 2015, ya pili ikionyesha mikopo ya wakubwa wake kuwa mikubwa kuliko ilivyosemwa kwanza. Uvumi ukaenea, watu wakakimbilia akiba zao, na tarehe 7 Aprili milango ikafungwa. Benki Kuu ikabidi itangaze kwamba itasaidia benki yoyote itakayobanwa, ili moto usienee. Wakati ule bima ya akiba ilikuwa shilingi 100,000 tu kwa mtu. Ilipandishwa hadi 500,000 mwaka 2020.

Lakini tusidanganyane. Kipimo cha 20 peke yake hakikuyaokoa mabenki hayo. Mizani ikitiwa mawe ya uongo hutoa uzito wa uongo. Kwa hiyo twadai:

1. Kipimo cha 20 kisipunguzwe.
2. Benki Kuu ikague vitabu bila kungoja uvumi, ikianza na mikopo ya wakurugenzi.
3. Wakubwa waliopotosha hesabu walipe kwa mali zao kabla mwenye akiba hajapoteza hata senti moja.

Nasi tuna kazi yetu. Kila miezi mitatu mabenki huchapisha hesabu zao magazetini. Someni mpaka chini, mtafute mstari wa ukwasi. Benki yenye 21 imesimama ukingoni. Yenye 40 ina nafasi ya kupumua. Tazameni pia mikopo ya wakurugenzi. Wala akiba yote ya chama isiwekwe katika benki moja.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ukuta tumekwisha ujenga mara tatu, kwa jasho letu. Safari hii tuzibe ufa.

UMOJA NI NGUVU!