Hojaji ya Majonzi kwa Wasemaji wa Kireno: Ithibati ya Nani?

Hojaji ya majonzi ni chombo kidogo kwa umbo: kauli chache ambazo mfiwa huzisoma au husomewa, kisha akaeleza kila moja humtokea kwa kiasi gani. Orodha iliyotungwa na Holly Prigerson na wenzake huko Marekani mwaka 1995 ilikuwa na kauli 19, kila moja ikipewa alama kuanzia 0 hadi 4, na mfiwa aliyezidi alama 25 alihesabiwa kuwa majonzi yake yamevuka mpaka. Baadaye ilifuata hojaji fupi zaidi, PG-13, ambayo Mayra Delalibera, Alexandra Coelho na António Barbosa waliifanyia kazi ya ithibati kwa Wareno na kuchapisha matokeo mwaka 2011. Uzito wa vyombo hivi umeongezeka tangu mwaka 2022, wakati uainishaji wa 11 wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani ulipoanza kutumika na madaktari wa akili wa Marekani nao wakarekebisha mwongozo wao. Vitabu vyote viwili sasa vinayatambua majonzi ya muda mrefu kuwa ni ugonjwa: cha kwanza baada ya miezi 6 tangu kifo, cha pili baada ya miezi 12 kwa mtu mzima. Kwa hiyo jumla ya alama katika karatasi yaweza kumhamisha mtu kutoka katika kundi la wafiwa na kumtia katika kundi la wagonjwa.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba maneno "kwa wasemaji wa Kireno", yakiandikwa juu ya hojaji ya namna hii, yanadai zaidi ya yale yaliyothibitishwa. Ithibati hufanywa kwa watu, mahali na wakati maalumu. Lugha peke yake haithibitiki. Na Kireno, kwa hakika, si lugha ya mahali pamoja. Sensa ya Angola ya mwaka 2014 ilionyesha kwamba watu 71 hivi katika kila 100 walikuwa wakikizungumza nyumbani. Nchini Msumbiji, sensa ya mwaka 2017 iliwakuta takriban watu 17 tu katika kila 100 ambao Kireno ni lugha yao ya kwanza. Brazili, yenye wasemaji wengi kuliko nchi nyingine zote za Kireno zikijumlishwa, ina sarufi yake ya mazungumzo na adabu zake za kumsemesha mtu. Mkataba wa mwaka 1990 ulijaribu kusawazisha tahajia. Haukusawazisha vilio.

Tatizo linaonekana wazi zaidi katika kauli iliyo kiini cha hojaji hizi zote, ile inayouliza juu ya kumtamani marehemu. Mfasiri wa Kireno ana neno tayari mkononi, saudade, na ni vigumu kumlaumu akilichukua. Lakini saudade ni hisia inayoheshimiwa. Mtu huwa nayo kwa mama aliyekufa miaka 30 iliyopita, kwa kijiji alichokiacha, kwa mtoto aliyesafiri wiki jana; naye asiyekuwa nayo ndiye anayetiliwa shaka. Kumwuliza mjane wa Porto kama huona saudade kwa mumewe ni karibu sawa na kumwuliza kama alimpenda. Atajibu "daima", na alama 4 zitaandikwa. Msomaji wa Kiswahili ataielewa shida hii haraka akijaribu kutafuta neno lake mwenyewe: hamu imekwisha kuchukuliwa na chakula na mahaba, na ukiwa humweleza zaidi aliyebaki kuliko aliyeondoka.

Ajabu ni kwamba utaratibu uliozoeleka wa kukagua tafsiri hauwezi kulinasa kosa hili. Tangu Richard Brislin aandike juu ya tafsiri rejeshi mwaka 1970, watafiti wengi huikabidhi matini iliyotafsiriwa kwa mtu wa pili airudishe katika Kiingereza, kisha matini mbili hulinganishwa. Saudade itarudi salama salimini, kwa kuwa kamusi zote zinakubaliana. Kinachopotea njiani ni kiwango cha kawaida cha matumizi ya neno, jambo ambalo kamusi haliandiki. Hali kadhalika, kigawo cha alfa cha Cronbach, ambacho huonyeshwa kama cheti, hueleza tu kwamba kauli zinakwenda pamoja. Kauli kadhaa zilizotafsiriwa kwa kuegemea hisia ileile inayoheshimiwa zitakwenda pamoja vizuri sana, na alfa itapanda, bila ugonjwa wowote kupimwa.

Maneno mengine hupotosha kwa namna nyepesi zaidi. Nojo kwa msemaji wa leo ni kinyaa, ingawa likizo ya kufiwa bado hubeba neno hilo katika Kireno cha ofisini. Óbito kwa karani wa Lisbon ni kifo kinachoandikwa katika daftari. Kwa mkazi wa Luanda ni matanga yenyewe, mahali watu wanapokwenda kukaa na wafiwa, na yana komba yake ya kuyahitimisha. Makosa ya aina hii hugunduliwa siku ya kwanza ya majaribio, mtu anapocheka au anapokunja uso.

Kauli zisizochekesha ndizo za hatari. Orodha ya mwaka 1995 inamwuliza mfiwa kama huisikia sauti ya marehemu ikimsemesha, na kama humwona amesimama mbele yake. Katika sehemu nyingi za Msumbiji na Angola, marehemu kuwatembelea walio hai katika ndoto au kwa sauti ni habari inayopelekwa kwa wazee wa ukoo, nao huitafutia maana. Anayekiri jambo hilo hupata alama nyingi. Anayelificha mbele ya mtafiti aliyevaa koti jeupe hupata alama chache, hata kama ndiye anayehitaji msaada. Uainishaji wa Shirika la Afya Duniani wenyewe unataka majonzi yawe yamezidi waziwazi yale yanayotarajiwa katika jamii, utamaduni na dini ya mfiwa. Sharti hilo ni la busara, ila hojaji haina safu ya kuliandika.

Wapo watakaosema kwamba bila hojaji moja hapawezi kuwa na ulinganisho baina ya nchi, na kwamba kutengeneza hojaji kwa kila mji ni anasa ya wasiokuwa na wagonjwa wanaosubiri. Sehemu ya pili ya hoja hii ina nguvu. Brazili ilipoteza zaidi ya watu 700,000 kwa UVIKO-19, wengi wakizikwa bila mkesha, na daktari hakuweza kungoja wanaisimu wamalize mabishano. Lakini ulinganisho unaosimama juu ya maswali ambayo watu waliyasikia tofauti si ulinganisho. Kilicho nafuu, na kinachowezekana, ni kuwaketisha wafiwa wachache wa kila mahali na kuwaomba waieleze kila kauli kwa maneno yao kabla haijachapishwa. Kazi hiyo huhitaji subira kuliko fedha.

Huko Cabo Delgado, ambako vita vilivyoanza Oktoba 2017 vimewaacha wengi na wafu ambao hawakupata kuwazika, Kireno hakitoshi hata kikitafsiriwa vizuri. Wafiwa wengi huko hulia kwa Kimakhuwa, Kimakonde na Kimwani. Kimwani ni jirani wa karibu wa Kiswahili, na upo ushawishi wa kuchukua hojaji ya Kiswahili sanifu na kubadilisha maneno mawili matatu. Hilo lingekuwa kosa lilelile la Kireno likivalishwa kanga. Mjane Mwislamu wa Mocímboa da Praia anayekaa eda miezi minne na siku kumi hatoki nje ovyo, wala hajipambi. Anayemwandikia kwamba amejitenga na watu angepaswa kwanza kujua kuhesabu siku zake, na kujua pia kwamba aliyepotelewa na mume msituni hana siku ya kuanzia hesabu.