Sindano ya viungo kutoka Ulaya: kabla ya kuituma, kifua kikuu kipimwe

Nakala za bei nafuu za adalimumabu ziliingia soko la Ulaya mwezi wa 10 mwaka 2018, na Marekani mwezi wa 1 mwaka 2023. Tangu hapo kuna swali linazunguka ku familia zenye ndugu Ubelgiji ao Kanada: kama ile sindano imepunguka bei, si watutumie? Adalimumabu njo ile wengi wanajua kwa jina la Humira. Mwaka 2019 OMS iliitia ku liste yake ya dawa za lazima. Kwa hiyo swali si la ujinga. Lakini jibu linategemea kazi yenye hii dawa inafanya ndani ya mwili, na hapo njo watu wengi wanaruka.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Psoriazisi inatoa mabaka ya magamba ku ngozi, mara nyingi ku viwiko, magoti na kichwa. Vitabu vinasema mabaka mekundu; ku ngozi yetu nyeusi yanaonekana zaidi ya zambarau ao ya kijivu, njo maana mara nyingi wanayachukua kama kuvu. Haiambukizi. Ku wagonjwa wengine, mara nyingi miaka kisha ngozi, ugonjwa unashuka ku viungo: kidole kizima kinavimba kama soseji, kisigino kinauma, kucha zinakuwa na vishimo vidogo, na asubuhi mwili unakuwa mugumu zaidi ya nusu saa. Hakuna kipimo kimoja cha damu chenye kinasema ni yenyewe. Munganga anapaswa kuangalia ngozi, kucha na viungo pamoja. Huku kwetu mutu kama huyo anaambiwa ana rumatismu, ao amelishwa sumu, na anarudi nyumbani na diklofenaki.

Diklofenaki inatuliza maumivu, lakini haizuii mufupa kuliwa.

Ndani ya viungo kuna ujumbe wenye waganga wanaita TNF. Chembe za kinga zinautoa zikiona adui: unaita chembe zingine, mishipa midogo ya damu inaachia maji, mahali panavimba na kupata moto. Kama una kidonda, hiyo ni kazi nzuri. Ku ugonjwa huu hakuna adui, lakini ujumbe haukomi, na moto unakula mahali kano zinashikamana na mufupa. Adalimumabu ni protini yenye inatengenezwa ndani ya chembe hai, na kwa sababu ni protini, tumbo lingeimeng'enya kama nyama. Njo maana inapigwa sindano chini ya ngozi, kawaida kila wiki mbili. Inashika TNF mbele haijafika. Ku wagonjwa wengi uvimbe unashuka ndani ya wiki ao miezi michache, na ngozi pia inasafika. Lakini mufupa wenye ulishaliwa haurudi, na ukiacha dawa, mara nyingi ugonjwa unarudia.

Sasa, ile TNF ina kazi ingine. Mutu anaweza kubeba vijidudu vya kifua kikuu miaka mingi bila kukohoa, kwa sababu kinga imevijengea ukuta na kuvifungia. TNF njo inashikilia ule ukuta. Ukiizima, ukuta unaweza kubomoka. Mwaka 2001 waganga wa Marekani walitangaza wagonjwa 70 wenye walipata kifua kikuu kisha kupewa infliximabu, dawa ya jamaa moja na adalimumabu. Karibu wote, 64, walitoka nchi zenye kifua kikuu ni kidogo. Congo iko kati ya nchi 30 zenye OMS inahesabu kuwa zimelemewa zaidi na huo ugonjwa. Kila mutu apige hesabu mwenyewe.

Kwa hiyo sindano yenye inafika ndani ya valizi bila kipimo, kwangu mimi, ni hatari kuliko ugonjwa. Mugonjwa anapaswa kupimwa kwanza: kipimo cha ngozi ao cha damu, picha ya mapafu, pia hepatiti B na virusi vya ukimwi. Kama kifua kikuu kimelala ndani, anaanza dawa za kukikinga, kawaida mwezi moja ao zaidi mbele ya sindano. Kuna dawa zingine za jamii hii zenye zinazuia ujumbe mwingine, IL-17, na hizo hazigusi sana ule ukuta. Ni munganga wa kule anapaswa kujua kama mugonjwa anaishi Uvira, Bunia ao Beni mbele aandike kitu.

Frigo nayo ni shida. Hii dawa inakaa kati ya digri 2 na 8, na ikiganda imekufa. Humira yenyewe inavumilia siku 14 nje, joto lisipite 25, zikipita, inatupwa. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwezi wa 1 mwaka 2025, na mwenye anapita barabarani anajua siku 14 ni nini.

Kuna dawa ya zamani yenye bei ndogo, metotreksati, yenye pia inatuliza kinga na mara nyingi njo inatolewa mbele ya sindano. Inakunywewa mara moja kwa wiki. Mwenye anaikunywa kila siku anaweza kufa. Inaomba kupima damu na ini mara kwa mara, na mwanamuke mwenye mimba ao mwenye anatafuta mimba haigusi. Kabla ya kuota sindano, ningependa kuiona, pamoja na mutu wa kuifuatilia, ku kila hospitali kubwa ya jimbo.

Kitu chenye kinanitia woga zaidi ni deksametazoni ya sokoni, ile watu wanakunywa ili wanenepe. Kwa siku chache inatuliza viungo, na mugonjwa anafurahi. Akiiacha ghafla, psoriazisi inaweza kulipuka mwili mzima na kujaa vidonda vya usaha. Mwenye ameshaikunywa kwa wiki nyingi asiiache peke yake; aende aonyeshe vidonge munganga, amusaidie kushuka polepole.